Siha na Nyakati za Siku

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Unguja na Kilwa, upo mwezi mmoja katika mwaka ambao watu, wakubwa kwa wadogo, hubadili usingizi wao, chakula chao na mwendo wao kwa usiku mmoja tu, bila ya kuhimizwa na tabibu wala kutishwa na maradhi. Mwezi wa Ramadhani uandamapo, mtu ambaye jana hakuweza kufungua duka lake kabla ya kunywa chai, leo hulifikia jua la magharibi bila ya tone la maji kinywani; yule ambaye mama yake humwamsha mara tatu kwa kumvuta shuka, huinuka usiku wa manane akala daku; na yule ambaye, akisha kula chajio, hakuwa na safari ila ya kitandani, hushika njia ya msikitini kwa miguu, akasimama na kurukuu na kusujudu katika tarawehe mpaka viungo vikalainika. Mwezi wa Shawali uandamapo, mambo hayo huondoka kwa wepesi ule ule yaliyokuja nao. Tumeyazoea hata hatuyastaajabii. Lakini mwenye kutafakari juu ya siha ya wanadamu, na juu ya sababu zinazowafanya wengi waitamani na wachache waidumishe, ataona kuwa hapa pana somo kubwa kuliko yaliyomo katika nasaha nyingi.

Mwenye shaka na autazame mtaa mmoja tu katika usiku mmoja wa mwezi huo. Yapata saa nane, vijana hutoka na ngoma zao, na watoto nyuma yao na madebe na makopo, wakapita kichochoro kwa kichochoro wakiimba na kuwaita wenye nyumba kwa majina. Taa moja huwaka ghorofani, ya pili ikafuata nyumba ya ng'ambo, na mkono ukasukuma dirisha. Jikoni husikika mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, na mtoto ambaye macho yake hayajafunguka sawasawa huketishwa mkekani, akatiwa tende mkononi na kuwekewa bilauri ya maji mbele yake. Katika wote hao hakuna aliyeulizwa kama anayo azma ya kuamka. Mzigo wa azma umechukuliwa na saa, na ngoma, na harufu ya chakula, na haya ya kulala peke yake ilhali mtaa mzima u macho.

Sasa na tumlinganishe mtu huyo na nafsi yake ya miezi mingine. Ameambiwa na daktari kuwa shinikizo lake la damu limepanda, naye akaapa kuwa atatembea kila alfajiri, atapunguza sukari, atalala mapema. Juma la kwanza hutimiza. La pili hunyesha mvua. La tatu hufika wageni. Na la nne, kiapo kikiwa hakitajwi tena nyumbani, hujiita dhaifu wa moyo, na jamaa zake wakamwafiki. Mimi naona kuwa hukumu hiyo si ya haki. Azma ni mgeni katika nafsi ya mtu: huja kwa shangwe, hukaa siku zake, kisha hufunga mizigo yake ikaenda, desturi ndiyo mwenyeji. Aliyeshindwa hakupungukiwa na moyo bali na mpango wa siku, kwa kuwa siha haijengwi kwa nguvu ya nia peke yake, bali hujengwa kwa siku ambayo ndani yake kila tendo la kuufaa mwili limepewa wakati wake, mahali pake na mwenzi wake.

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuata watu 96 kwa muda wa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua tendo moja dogo, kama kula tunda, kunywa maji au kwenda mbio kidogo, na kulifunga na jambo ambalo hulifanya kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa au kabla ya chakula cha jioni. Katika habari waliyoichapisha mwaka 2010 walieleza kuwa mtu wa kati na kati alihitaji siku 66 hivi mpaka tendo likaja lenyewe bila ya kushindana na moyo wake. Lakini wako waliotosheka na siku 18, na wako waliokadiriwa kuhitaji hata 254. Waliona pia kwamba aliyekosa siku moja hakuharibikiwa na kitu cha kutajika. Ndani ya habari hiyo mna subira na mna rehema: subira, kwa kuwa kuchelewa kwa desturi si dalili ya kushindwa, na rehema, kwa kuwa siku moja iliyoteleza haimpi mtu ruhusa ya kuzitupa zote zilizobaki. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga, nao hawakusema kuwa shoka halipumziki.

Wala kuupanga mwili kwa nyakati si elimu iliyozuka juzi. Abu Ali ibn Sina, tabibu na failasufu aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037, alipofika katika kitabu chake cha Kanuni pahala pa kueleza jinsi ya kuihifadhi siha, aliisimamisha juu ya nguzo tatu, akatanguliza mazoezi, akafuatisha chakula, akamalizia kwa usingizi. Nami nitazishika nguzo hizo hizo, ila nitaanza na ile aliyoiweka mwisho, kwa kuwa katika hesabu ya wazee wetu wa pwani siku mpya huingia kwa magharibi, na mtu ataiamkia asubuhi yake kwa kadiri alivyoulaza usiku wake.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna fundo dogo la chembe hai zipatazo 20,000, nalo ndilo linaloshika saa ya mwili. Mwanga wa asubuhi unapoingia machoni, fundo hilo huirekebisha saa yake. Giza linapotanda, huamrisha kichocheo kiitwacho melatonini kiingie katika damu, joto la mwili likashuka, na usingizi ukapata njia. Wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 2017 kwa kufunua, kwa kuwachunguza nzi wa matunda, jinsi saa ya namna hiyo inavyokwenda ndani ya chembe hai zenyewe. Wazee waliotuachia hesabu ya saa za mchana inayoanzia kuchomoza kwa jua, wala si usiku wa manane, hawakuwa na habari ya fundo wala ya nzi. Lakini hesabu yao inaafikiana na mwili, ambao nao hungoja mwanga ndipo uanze kuhesabu.

Kwa hiyo atakaye kuurudisha usingizi uliompotea asianze na saa ya kulala, kwa kuwa usingizi hauamrishwi. Na aanze na saa ya kuamka, ambayo iko katika mamlaka yake, aishike siku zote saba za juma, kisha atoke nje akutane na mwanga. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, Tanzania, walichunguzwa pamoja na jamaa wengine wa namna yao wa Namibia na Bolivia, na habari zao zikachapishwa mwaka 2015. Ilionekana kuwa watu hao, ambao hawana umeme, hawalali jua linapozama, bali huzungumza motoni kiasi cha saa tatu. Usingizi wao si mrefu kuliko wa watu wa mjini, kwani ni kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Lakini aghalabu huamka kabla ya jua, kwa wakati usiobadilika sana, na maradhi ya kukosa usingizi ni haba kwao. Mtu wa mjini, ambaye madaktari humshauri asipungukiwe na saa saba, na aige uthabiti huo kwanza, urefu utamfuata.

Adui wa uthabiti huo tunawajua, na baadhi yao ni vipenzi vyetu. Simu iliyoingizwa ndani ya chandarua humwangazia mtu machoni saa ambayo jicho linangoja giza, na tena humletea ugomvi na huzuni za watu asiowajua. Kahawa ya barazani, ambayo ni uti wa mazungumzo yetu na wala simshauri mtu aiache, hubaki mwilini muda mrefu kuliko ladha yake: baada ya saa tano hivi, nusu ya nguvu yake ingali inazunguka katika damu. Kahawa ya baada ya alasiri na ile ya baada ya isha, basi, ni mbili tofauti ijapokuwa zimetoka katika dele moja. Na kulala kidogo adhuhuri, desturi ya kale ya pwani ambayo ofisi za siku hizi zimeifanya ionekane kuwa uvivu, ni kwema kwa mwenye nafasi, maadamu ni kufupi na kumekwisha kabla ya alasiri.

Nikijia chakula, naanza na ushahidi wa nchi zetu wenyewe. Mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Nyanza katika Kenya, alitoa habari za watu wapatao 1,000 aliowapima shinikizo la damu, akaeleza kuwa shinikizo lao halikupanda kwa kadiri ya umri, bali baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Miaka sitini hivi ikapita, na mwaka 1990 zikachapishwa habari za Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi: haikupita miezi mingi tangu kufika kwao, shinikizo lao likawa juu kuliko la ndugu zao waliobaki, uzito uliongezeka, mapigo ya moyo yakaenda mbio zaidi, chumvi katika mkojo ikazidi, na madini ya potasiamu, ambayo mtu huyapata katika matunda na mboga, yakapungua. Damu yao ilikuwa ile ile na wazee wao wale wale. Kilichobadilika ni kutwa na usiku wao: chungu, njia ya kwendea kazini, kitanda, na wasiwasi wa kodi ya nyumba.

Habari hizo zanifanya nisadiki kuwa ugonjwa mwingi unaotujia haujafungamana na damu zetu kama tunavyopenda kusema, bali umefungamana na vitu vidogo vinavyokaririwa. Kitazame kikombe cha chai ya maziwa cha asubuhi, pembeni yake kikiwa na maandazi mawili. Kijiko huingia katika kopo la sukari kikatoka na kichuguu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Hukorogwa, sauti ya chuma na kauri ikasikika, na mnywaji akionja husema bado. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kutiwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula cha siku, na kuwa ni bora zaidi ikipungua hata gramu 25 hivi, yaani vijiko vidogo sita. Basi vikombe viwili vya namna ile vimekwisha imaliza haki ya siku nzima, na maandazi hayajahesabiwa, wala soda ya mchana. Chumvi nayo, kwa ushauri wa shirika hilo hilo, isifike gramu tano kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja kidogo, ambacho mtu hukipita bila ya kujua anapoinyunyiza juu ya chipsi na kachumbari kabla ya kuonja. Kwa kuwa ulimi hufundishika, anayepunguza nusu kijiko kwa juma ataona baada ya muda kuwa utamu wa zamani unamkera. Na anayekata yote kwa siku moja aghalabu huirudia yote kwa siku moja.

Hatuna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta sahani iliyo njema. Maharage, kunde, mbaazi na choroko. Mchicha, kisamvu, matembele na majani ya maboga. Dagaa, samaki wa kuchoma, ndizi, muhogo, mahindi yasiyokobolewa. Embe, papai na chungwa kwa majira yake: hivi ndivyo vitu vilivyowalea mababu, na baadhi yetu siku hizi huvionea haya mbele ya wageni, tukadhani heshima ya meza ni wingi wa mafuta. Desturi ya kula katika sinia moja, ambapo mkono wa mtoto na wa babu hukutana, ilikuwa pia na faida ya kumpunguzia mtu haraka na pupa, kwa kuwa adabu ilimtaka angoje na amwachie mwenziwe. Na mafundisho ya dini kwamba tumbo lisijazwe chakula peke yake, bali liachiwe nafasi ya maji na ya pumzi, yanajulikana na watu wengi kuliko wanaoyafuata. Wala wakati wa sahani si jambo dogo: mwili huipokea sukari vizuri asubuhi kuliko usiku, na mtu anayeahirisha mlo wake mkubwa mpaka saa nne za usiku huupeleka mzigo mzito kwa mpokezi aliyekwisha anza kufunga mlango.

Mazoezi, katika fikira za wengi, ni viatu vya bei, jasho na chumba chenye vyuma. Lakini ushahidi wa kwanza mkubwa wa faida yake ulitoka katika mabasi. Mwaka 1953 tabibu Jerry Morris na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, ambao walikaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, ambao walipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, na makarani wa posta walipatwa zaidi kuliko watarishi waliochukua barua kwa miguu na kwa baiskeli. Kondakta yule hakuwa mwanamichezo, wala hakuweka nadhiri. Ngazi ilikuwa katika kazi yake, naye akaipanda kila siku bila ya kuulizana na moyo wake. Na hapo narudi katika neno langu kuwa tendo lililofungwa ndani ya siku hudumu kuliko tendo lililobandikwa juu yake.

Kwa watu wazima, kiasi kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa juma, au zaidi, za mwendo wa kumtoa mtu jasho jepesi, ambazo ni kama nusu saa kwa siku tano. Nusu saa hiyo huweza kupatikana kwa kuteremka daladala vituo viwili kabla ya kile cha nyumbani, kwa kwenda sokoni, msikitini au kanisani kwa miguu, kwa kulima kibustani nyuma ya nyumba. Wahadzabe hupata zaidi ya saa mbili za mwendo wa namna hiyo kila siku. Nao hupumzika mchana kwa muda wa saa kumi hivi, ila sehemu ya mapumziko yao ni ya kuchutama na kupiga magoti, ambayo hayaiachi misuli ilale kabisa kama kiti kinavyoilaza. Hata hivyo haifai mtu ajidanganye kuwa miguu italipa deni la kinywa: habari iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha kuwa Wahadzabe, pamoja na kutwa yao ya kutembea, hawatumii nguvu nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya, ukubwa wa miili ukizingatiwa. Mwendo huufaa moyo, mifupa, akili na usingizi; unene aghalabu huamuliwa jikoni.

Nguzo hizi tatu hazisimami mbalimbali. Aliyenyimwa usingizi huongezeka njaa, na njaa yake huelekea kwenye vitamu. Aliyeshiba vitamu usiku hulala kwa kugaagaa. Aliyelala kwa kugaagaa huamka akiwa hana hamu ya kutembea. Na asiyetembea mchana hukikuta kitanda kigumu usiku. Duara hilo, ambalo humzungusha mtu kwa kumdhuru, humzungusha vile vile kwa kumfaa: mwenye kutembea kidogo baada ya chajio hushusha sukari ya damu yake, hulala vyema, huamka na mwanga, na hatamani kijiko cha tatu. Ndiyo maana haifai kuanza yote kwa siku moja. Jambo moja likishikwa barabara huvuta mengine.

Lakini nisije nikawadhulumu wasio na hiari. Mama lishe anayeamka saa tisa za usiku kuwasha moto wa maharage, mlinzi anayekesha mlangoni pa mali ya wengine, muuguzi wa zamu, dereva ambaye hesabu ya tajiri humfanya alale muda wa saa nne tu: hawa hawakosi nidhamu, wamekosa wakati, na wakati wao wameununua wengine kwa bei rahisi. Kuwahubiria ni kuwaongezea mzigo. Haki yao ni zamu zisizobadilishwa ovyo, chumba chenye giza na kimya cha kulalia mchana, na ujira unaotosha kununua mboga. Na katika miji yetu, ambako njia za waendao kwa miguu zimeliwa na magari, viwanja vya watoto vikajengwa maduka, na miti ya vivuli ikakatwa, halmashauri inayowaambia raia watembee yapasa kwanza iwaachie pa kutembea. Mwezi wa Ramadhani umetuonyesha kuwa mji ukikubaliana juu ya saa, mnyonge hupata nguvu ambazo peke yake hana. Maafikiano ya namna hiyo hayakatazwi katika miezi kumi na mmoja iliyobaki.

Anayetaka kuanza, basi, na achague saa moja ya kuamka na asiisaliti. Juu yake afunge tendo moja la mwendo. Mwendo ukisha zoeleka, ashughulike na kijiko cha sukari. Kisha na simu ya kitandani. Na katika kila hatua amtafute mwenzi, mke au mume, jirani au rafiki wa barazani, atakayemgongea mlango siku ambayo azma haikuamka. Atakayefanya hivyo hatajifanyia peke yake. Watoto wa nyumba hiyo, ambao hawasikilizi sana tunayowaambia juu ya siha lakini huziishi saa tunazoziishi, watakua wakidhani kuwa kulala mapema, kula kwa kiasi na kwenda kwa miguu ni mambo ya kawaida ya wanadamu, nao watayatenda bila ya kuapa. Na urithi huo, tofauti na mashamba na nyumba, hugawanywa kwa warithi wote bila ya fungu la yeyote kupungua.